Sauti Iliyokimbizwa

Shamba la Casetta,
Brisighella.
9 Novemba 2022

Mpendwa kaka yangu Ermes,

Pokea salamu za mlimani, na za ukungu pia, maana tangu Jumapili hatujaona hata paa la jirani. U hali gani huko Rosario? Goti linasemaje? Binti yako Silvina aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza ngazi, nawe ukapanda hadi juu ya paa kufunga tangi la maji. Miaka sabini na minne, Ermes. Sikugombezi, nauliza tu kama goti hilo ni lako au umeliazima. Na wifi yangu Graciela, presha yake imetulia? Mwambie namkumbuka kila Jumapili kanisani, na apunguze chumvi hata kama wewe utanuna.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mgongo huniuma nikiamka, ikifika saa nne unasahau. Zeituni tumemaliza kuchuma juzi. Mwaka huu ni chache kwa sababu ya ukame, lakini mafuta yametoka makali, yanakwaruza koo vile unavyopenda wewe. Nimekuwekea chupa mbili, nimeziandika jina lako, na asizisogelee mtu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu: usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Najua ile ya Septemba uliichana. Kampuni ya Milano ilikutumia mkataba ili isafishe na kuzitoa upya zile albamu mbili za kwanza za bendi yenu, Cancello di Rame, wewe ukaupasua vipande vinne, ukavitia kwenye ndoo ya maganda ya viazi, ukasema, "Mbuzi amekufa, mwacheni azikwe." Kisha ukaenda kutengeneza friji la watu. Silvina alinisimulia yote. Usimkasirikie, mimi ni shangazi yake na nilimbana.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningepasua vipande vinane.

Maana hilo jina la Mbuzi silo ulilobatizwa. Mwandishi mmoja wa gazeti ndiye aliyekubandika, mwaka wa sabini na tatu, ilipotoka santuri yenu ya kwanza, ile yenye picha ya konokono aliyebeba kanisa. Watu waliipenda mno ile santuri. Hadi leo kuna Wajapani wanaandika barua wakiuliza kama tunayo nakala ya zamani. Lakini sauti yako waliicheka: nyembamba, ya puani, inatetemeka kama mwana-mbuzi aliyepotezana na mama yake. Ulivumilia, ukacheka nao, ukawa unalia "mee" kabla ya kila onyesho ili wasikuwahi.

Kisha mkaenda Milano kurekodi ya pili, studio ya kweli yenye mazulia ukutani. Ukaimba kwa koo lako mwenyewe, na wakubwa wakasema siyo hiyo, tunataka ile ya kwanza. Siku nne ulijikamua kuitafuta mpaka ukatema damu kwenye sinki. Na Learco, kaka yetu wa tumbo moja, mpiga kinanda na mwenye bendi, akakuambia mbele ya wenzako kwamba umeiua sauti yako kwa sigara na ulevi. Santuri ya pili akaimba yeye. Oktoba ile ukapanda meli pale Genova, ukahamia huko Rosario.

Mimi ndiye niliyekusindikiza stesheni ya Faenza. Nikakuambia, laiti ungelitunza koo lako, haya yasingetokea. Uliniangalia tu, ukainua sanduku lako.

Silvina anasema tangu azaliwe hajakusikia ukiimba. Hata siku ya harusi yake. Hata Tobías akizima mishumaa ya keki, babu yake hufumbua mdomo bila kutoa kitu, akidhani hawamwoni. Wanamwona, Ermes. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nikishika jambo unanijua, siliachi mpaka kieleweke.

Kanda za santuri ya kwanza ninazo mimi. Baba alizifungia kwenye lile sanduku la kukandia mkate. Nilipoolewa nilihama nazo, na alipofariki mume wangu Iader nikarudi nazo hapa. Mwezi wa Juni kampuni ikataka nizipeleke Milano kwa gari la vifurushi. Nikawaambia kanda hizi hazivuki kizingiti changu. Anayezitaka aje na mashine yake. Walinipigia mara tatu, kila mara mtu mwingine mwenye sauti laini kuliko aliyemtangulia. Nikashika lile lile. Mwishowe wakamtuma fundi.

Jina lake Tarcisio, mtu wa Bologna, mnene, mpole, suruali yake imeshikwa na mikanda ya mabegani. Aliziangalia kanda akatikisa kichwa. Zimeshika unyevu, akasema, zimekuwa kama peremende iliyolala mfukoni. Zikichezwa hivi zitabanduka na sauti yote itabaki kwenye mashine. Dawa yake ni kuzipasha joto dogo kwa saa nyingi, na kifaa chake cha kupashia kilikuwa kimeharibika. Akazunguka jikoni kwangu mpaka macho yake yakaangukia mashine yangu ya kukaushia tini. Akapima joto lake mara mbili, kisha akaniuliza kwa haya kama naweza kumwazima. Kwa hiyo ujue kwamba sauti zenu zililala kwenye trei za tini. Nilimwambia akiziunguza nitamkausha yeye.

Aliifunga mashine yake ya kuchezea kanda ghalani, palepale mliporekodia, akaanza na ule wimbo mrefu wa msaga unga aliyekataa kusaga. Nilikaa kwenye gunia nikasikiliza. Kinanda cha Learco, ngoma, gitaa, kisha wewe, Mbuzi wetu, juu kule. Unakumbuka mwishoni kengele ya parokia inaingia? Watu wa vitabu wameandika kurasa nzima kwamba ni fumbo la kifo cha msagaji. Fumbo lipi? Ilikuwa saa sita mchana na Padri Ulisse alikataa kuinyamazisha.

Basi kanda ikafika hapo, kengele ikalia. Na dakika hiyo hiyo kengele ya kweli nayo ikaanza kugonga saa sita huko nje.

Tarcisio akasimamisha mashine. Akafungua mlango wa ghala, akasikiliza mpaka pigo la mwisho. Akarudisha kanda nyuma, akaicheza tena. Ya kwenye kanda ilikuwa juu zaidi. Akaniuliza kengele ilibadilishwa mwaka gani. Nikamwambia haijabadilishwa; kamba ndiyo imeondolewa, siku hizi inavutwa na mota, lakini shaba ni ileile iliyomzika babu yetu. Siku ya pili akaingoja saa sita akiwa na vipimo vyake. Akapima. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza kwa adabu, "Mama, siku zile umeme mlikuwa mnautoa wapi?"

Hapo nikakumbuka.

Umeshakumbuka, sivyo? Septemba ya sabini na mbili, dhoruba iliangusha nguzo za bondeni, tukakaa siku kumi na moja gizani. Mashine ya kurekodia mlikuwa mmeikodi, lazima irudi Jumatatu. Baba akakubali mtumie jenereta ya kinu cha zabibu, akatoa dumu moja la dizeli, na akasema maneno yake mawili: "Lifike Jumamosi." Zabibu zilikuwa zinaiva na kinu kilihitaji dizeli iliyobaki. Jenereta nikakabidhiwa mimi, msichana wa miaka kumi na saba, kwa sababu nyote mlikuwa na mikono ya wasanii.

Nami nikalifikisha dumu Jumamosi, Ermes. Nililifikisha kwa kuishusha jenereta mwendo kidogo kidogo, mpaka ikawa inakohoa badala ya kunguruma. Nikaweka alama kwa rangi yangu ya kucha mahali pa wenzo, ili niwe nairudisha palepale kila asubuhi. Baba alinisifu mezani. Alisema laiti wavulana wangekuwa na akili ya Nives.

Tarcisio alinieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Jenereta ikizembea, umeme nao unazembea, na mashine ya kurekodi ya zamani hutembea kwa kuufuata umeme. Basi kanda ilikuwa inapita polepole. Ukija kuicheza Milano kwa umeme wa watu wazima, kila kitu kinakimbia, na sauti ya mtu ikikimbizwa hupanda juu na kuwa nyembamba.

Utauliza, mbona vyombo havikusikika vibaya? Nami niliuliza. Ni kwa sababu ya kile kinanda cha Learco, lile dubwana mlilolibeba watu sita. Nacho ndani kina mota inayofuata umeme. Kilishuka pamoja na mashine, na nyie mlikuwa na desturi ya kukaza nyuzi za magitaa kwa kukifuata kinanda. Kanda ilipokimbizwa, vyote vilipanda pamoja vikafika mahali pake sawasawa. Wezi wawili wa shamba moja, nani atamtaja mwenzake? Koo lako peke yake ndilo halikuwa na waya.

Kengele nayo haikuwa na waya. Ndiyo iliyosema.

Tarcisio akaizungusha kanda kwa mwendo wake wa haki, mpaka kengele ya ndani ikalingana na ya nje. Kisha akarudi mwanzo wa wimbo, na wewe ukaimba. Sijui nikuelezeje. Ni sauti ya mwanamume, nzito, ina vumbi kidogo, inakaa chini na haina haraka. Ilikuwa sauti uliyotuimbia ukikanyaga zabibu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Miaka hamsini nimemkumbuka Mbuzi nikamsahau Ermes. Nililia pale kwenye gunia, na Tarcisio akajifanya anatafuta bisibisi.

Ukitaka kujua koo lako lilikuwa na kosa gani Milano, jibu ni hili: halikuwa na kosa lolote. Walikutaka uimbe kama jenereta yangu.

Jumapili iliyofuata nikamwita Learco chakula cha mchana. Nilimpikia supu ya cappelletti, zile tambi za kujazwa, ili awe na kitu mdomoni nikimweleza. Sikio la kufa halisikii dawa. Alisema Tarcisio ni mganga njaa. Alisema kengele hubadilika kwa baridi. Mwisho akasema watu wameipenda santuri vile ilivyo kwa miaka hamsini, na huwezi kumbadilisha bwana harusi sura kwenye picha. Nikamwambia sura iliyoko kwenye picha hiyo si ya bwana harusi, ni ya mbuzi, na aliyemvalisha ni mimi. Akaweka kijiko chini. Akanitazama kwa yale macho ya Baba.

"Kama ile ndiyo sauti yake," akasema, "basi Milano nilimfukuza mtu asiye na kosa."

Nikamjibu ndiyo. Sikumlainishia. Akachukua kofia yake akaondoka bila kula jibini, na unajua kwa Learco hilo ni jambo zito.

Kampuni nayo ikaja na ujanja wake. Wakasema watatoa santuri kwa mwendo wa zamani uliozoeleka, na ile ya haki wataitia mwishoni, kwenye sahani ya pili, kama nyongeza kwa wapenzi. Nikawaambia kaka yangu si nyongeza. Wakasema basi, wasipopata kanda na sahihi za wenye nyimbo kabla ya mwisho wa Januari, wataichukua sauti kutoka kwenye santuri ya zamani wanayoruhusiwa kuitumia, na itatoka Mbuzi vilevile, imesafishwa inang'aa. Ndivyo ilivyo, Ermes. Tukinyamaza, atalia miaka hamsini mingine, na safari hii atasikika vizuri zaidi.

Nikamrudia Learco kwa simu kila siku, saa ileile, siku tisa. Alipoona namba yangu alikuwa anamwachia mkewe. Siku ya kumi sikupiga. Ndipo Alhamisi nikasikia gari uani. Akaingia ghalani na fimbo yake, hakunisalimu, akamwambia Tarcisio, "Haya, chezesha." Alisikiliza wimbo wote, ambao kwa mwendo wake wa kweli ni dakika kumi na tisa na ushee. Ulipokwisha akataka tena. Mara ya pili alikuwa anapiga kinanda kwenye goti kwa vidole, taratibu, kama mlivyopiga siku ile. Nimeishi na Learco maisha yangu yote, na sijawahi kumwona mzee hivyo.

Hakuomba msamaha, unamjua. Aliniomba kalamu. Sahihi yake utaiona kwenye mkataba nilioambatisha humu, chini kushoto. Mlangoni akageuka, akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mimi ndiye niliyekuwa na sikio bovu." Nimeandika kama alivyosema.

Mkataba huu ni mpya, si ule wa viazi. Nimeusoma neno kwa neno na mwanasheria wa Faenza. Santuri ya kwanza itatoka kwa mwendo wa haki tu, pasipo toleo la Mbuzi popote. Kwenye ya pili wataandika wazi kwamba mwimbaji wa bendi aliondolewa kwa kosa lisilo lake. Learco ndiye aliyetaka maneno hayo. Mimi nilitaka waongeze jina moja kwenye jalada, chini ya wapiga vyombo: Jenereta, Nives Montevecchi. Yule wa sauti laini alidhani natania.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililoniweka siku tatu bila kuimaliza barua hii. Kabla wimbo haujaanza, kanda inaanza mapema, na mnasikika mkijitayarisha. Mtu anakohoa, kiti kinalia. Kisha wewe unasema, kutoka mbali kidogo na kipaza sauti, "Nives, taa zinafifia. Iongeze kidogo hiyo mashine." Na msichana mmoja anakujibu kutoka mlangoni, kwa jeuri ya kusifiwa na baba yake, "Zinatosha. We imba."

Nawe ukaimba.

Ulijua, kaka. Uliona, ukasema, na mimi nikakunyamazisha. Tarcisio aliniambia maneno kama hayo hukatwa siku zote, ni takataka za studio, atayaondoa na hakuna atakayejua. Nimemkataza. Yabaki palepale mwanzoni, ili kila atakayeweka santuri hiyo, Japani au popote, asikie kwanza kosa lilikuwa la nani, ndipo akusikie wewe.

Siombi unisamehe leo. Hilo lina wakati wake, na pengine lahitaji tuonane, nami pasipoti yangu ningali nayo. Naomba sahihi, chini kulia, kabla ya Krismasi kwa sababu posta ya kwenu inatambaa. Na ndani ya bahasha kuna sahani ndogo yenye wimbo wako, nimeifunga kwa soksi isikwaruzike. Usiisikilize peke yako jikoni ukiwa umezima taa, nakujua. Mwite Graciela, mwite Silvina aje na mtoto. Wana haki ya kukusikia.

Nisalimie wifi Graciela sana, na Silvina mwanangu, umwambie shangazi yake hakusahau ahadi ya mafuta. Tobías mbusu kichwani. Learco hajatuma salamu, lakini alipita jana kuuliza kama nimeshaituma barua, kwa hiyo zihesabu kuwa zimo. Mungu akulinde na ngazi, na akuongezee miaka hata ile niliyokupotezea.

Uliniambia taa zinafifia, nikakujibu zinatosha. Hazikutosha, Ermes. Sasa nimeziwasha zote. Imba.

Dada yako akupendaye, asiyezima tena,

Nives